TUNDU LA CHAJI NA SURA YA MAA'UUN

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii baada ya darsa ya Maghrib kijana wetu mmoja, mwenye adabu na mjuzi wa mambo ya simu, aliniuliza: "Shekhe, wanasema simu za mbele ya safari hazitakuwa na tundu hata moja. Utachaji kwa kuilaza juu ya kisahani, na kila kitu kitapita hewani. Mbona unaonekana hulipendi jambo hili? Si maendeleo haya?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu adhana ya Isha ilikuwa imekaribia. Leo namjibu kwa urefu. Wakiongeza njia ya hewani, ahsante yao. Wakiziba tundu, watakuwa wamewafungia watu mlango wa wema ambao Qur'an imeutaja, na sisi hatuna sababu ya kuwapigia makofi.

Niweke wazi mambo mawili kwanza, maana najua watu wa kukata vipande vya maneno ya masheikh na kuvisambaza.

La kwanza, sijasema ni haramu. Asili ya vitu vya dunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Mtu akinunua simu isiyo na tundu huku anajua, biashara yake ni sahihi.

La pili, wapo ndugu wanaosambaza ujumbe kuwa hii ni njama ya kuwachunguza Waislamu. Ndugu yangu, una ushahidi gani? Suratul Hujuraat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Dhulma inayojulikana inatosha kusemwa bila kuitia chumvi.

TUNAYOYAJUA NI HAYA

Septemba 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Siku hiyohiyo ikatangaza hedifoni zake zisizo na waya, zinazouzwa peke yake. Oktoba 2020 ikaanza kuuza simu zake bila kichwa cha chaji ndani ya boksi, ikasema ni kwa ajili ya kulinda mazingira. Kichwa kikabaki dukani, kwa bei yake. Septemba 2022 simu za iPhone 14 zinazouzwa Marekani zikatoka bila sehemu ya kuingizia laini. Na kampuni nyingine zilizocheka mwanzoni, baadaye nazo zikaondoa tundu la hedifoni na kichwa cha chaji. Umeuona mwendo huo? Kila kinachoondolewa kwenye simu kinarudi dukani kama bidhaa.

Simu isiyo na tundu lolote nayo si hadithi. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya Meizu ya China ilionyesha simu ya namna hiyo, ikawaomba wanunuzi wachangie mapema. Mchango haukufika lengo, na simu haikuingia sokoni kwa wingi. Kwa hiyo leo ninapoandika, simu tunazouziwa madukani bado zina tundu. Alhamdulillah.

Lakini tazameni Ulaya. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia 28 Desemba 2024 simu mpya zinazochajiwa kwa waya ziwe na tundu la aina moja, USB-C. Hiyo ni sheria nzuri. Hata Apple, iliyokuwa na tundu lake peke yake, ilihamia huko na iPhone 15 mwaka 2023. Waya mmoja, nyumba nzima inachaji. Ila rudini kwenye maneno: "zinazochajiwa kwa waya." Simu isiyo na tundu kabisa sharti hilo haliigusi. Yaani mtu kaambiwa mlango wake ulingane na wa jirani, na bado ana nafasi ya kuujenga ukuta mahali penye mlango.

MAA'UUN NI NINI?

Sasa tuingie kwenye dini. Sura ya 107 ni fupi, watoto wetu wanaihifadhi mapema madrasa. Inamtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kumlisha masikini. Kisha inawatishia adhabu wenye kuswali ambao wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia maa'uun.

Wanazuoni wamelifasiri neno hili. Wapo waliosema ni zaka. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud, Allah amridhie, kuwa ni vile vitu ambavyo watu huazimana: chungu, ndoo, shoka. Vitu vidogo. Ukimpa jirani havikupunguzii, na ukimnyima umemkwamisha siku nzima.

Nawauliza: chungu, ndoo na shoka vya leo ni vipi? Ni kitu gani jirani anabisha hodi usiku kukiomba? "Naomba chaji yako kidogo." Waya wa chaji ni maa'uun ya zama zetu. Unazunguka mtaa mzima, kutoka chumba cha mwalimu hadi kwa muuza chipsi, na kesho unarudi umefungwa gundi shingoni. Na waya hauazimiki kama simu ya mwenzako haina pa kuuchomeka.

Na msisahau mtu mwingine ambaye Qur'an imempa haki katika zaka, ibnu sabiil, msafiri aliyekwama. Anaweza kuwa na uwezo kwao, lakini njiani hana kitu. Msafiri wa leo ambaye simu yake imezima ni huyo huyo. Pesa zake zimo ndani ya simu, tiketi imo ndani ya simu, namba ya mwenyeji wake imo ndani ya simu.

SISI WATU WA TABORA TUNALIJUA HILI

Mji huu umejengwa na wasafiri. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, Unyanyembe ndiyo ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo unakuja hapa, ukitoka hapa unaelekea Ujiji, au kaskazini Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani nguo, shanga na waya wa shaba kwenda bara, wakashuka na pembe za ndovu. Njia hiyo ilileta Uislamu, na njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Hatufichi.

Na njia hiyo ilitufundisha neno moja: hongo. Leo tunaliita hongo rushwa, lakini kwa watu wa misafara lilikuwa jina la ushuru wa kupita. Ugogoni, penye ukame, msafara ulitoa nguo upate kupita na kunywa maji. Kwa nini walilipa? Kwa sababu hawakuwa na pengine pa kupita. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa. Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akakwama hapa, na mwisho ikambidi azunguke mbali kusini. Simlaumu Mirambo, alikuwa na madai yake. Ninachosema ni hiki: njia ikibaki moja, mwenye njia ndiye anayepanga bei na ndiye anayeamua nani apite.

Simu yenye tundu na yenye njia ya hewani ina njia mbili. Moja ikifungwa, unapita nyingine. Ukiziba tundu, umebakiwa na njia ya hewani peke yake. Ukikwama huko, unamrudia mwenye kiwanda, na yeye atakutajia hongo yake.

KISA CHA MAREHEMU

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka jana alifariki mfanyabiashara mdogo wa asali na karanga mtaani kwetu, Allah amrehemu. Madeni yake alikuwa anayaandika kwenye simu. Siku chache kabla hajafa simu ilianguka. Kioo kilikuwa kinawaka, lakini ukigusa kwa kidole hakisikii. Mjane anaijua namba ya siri, na hana namna ya kuiingiza. Ndugu wanataka kugawa mirathi. Mimi nikawaambia, mirathi haigawiwi kabla ya deni na wasia, ndivyo Suratun Nisaa ilivyopanga.

Tukaenda kwa fundi kibandani. Kijana mdogo tu. Akatoa kipanya cha kompyuta, akakiunga kwenye kile kiunganishi kidogo wanachokiita OTG, akachomeka kwenye tundu la chaji. Kimshale kikatokea kwenye kioo. Akageuza uso pembeni, mjane akabonyeza namba zake kwa kipanya, simu ikafunguka. Tukayakuta madeni aliyodaiwa ambayo familia haikuyajua, likiwemo la magunia mawili ya karanga ya bibi mmoja wa kijijini ambaye wala hakuwa amekuja kudai. Akalipwa haki yake.

Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa nafsi ya muumini hubaki imefungika na deni lake mpaka alipiwe. Basi siku ile deni la maiti lilifunguliwa kupitia kitundu kisichozidi ukucha. Kama simu ile isingekuwa na tundu, nani angeifungua? Labda tungeambiwa tuipeleke Dar es Salaam, tulipie kioo kipya kwanza. Labda magawanyo yangepita, na bibi yule angekuja kudai Akhera.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Wanasema: tundu linaingiza maji na vumbi, na ndilo linaloharibika haraka. Ni kweli kwamba linaharibika. Lakini zipo simu zenye tundu zinazohimili maji, na tundu likifa fundi wa mtaani analibadilisha. Mlango wa nyumba nao huharibika bawaba. Tunaita seremala, hatuhamii dirishani.

Wanasema: kisahani kimoja kinachaji simu za kampuni nyingi, kwa hiyo hata kisahani kinaazimika. Hoja hii ina uzito, siikatai. Lakini hebu kigeuze hicho kisahani uangalie nyuma. Kina nini? Kina waya! Waya haukuondoka, umehamishwa kutoka kwenye simu kwenda kwenye kifaa kingine cha kununua. Na kuchaji kwa kisahani hupoteza umeme zaidi kuliko kwa waya, sehemu yake inageuka joto, na joto huchosha betri. Mwenye umeme wa gridi anaweza asihisi. Sasa nenda kwa mkulima wa tumbaku kule Sikonge mwenye kijisola kimoja juu ya bati, mwezi wa mawingu. Umeme mdogo alionao, unamwambia amwage kidogo njiani ili simu ya tajiri ionekane nyororo? Allah amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Na kijana wa bodaboda anayechaji simu kwenye pikipiki, kwa mashimo haya, kisahani kitakaa na simu juu yake mpaka wapi?

Wanasema: ukichomeka simu kwenye chaji ya mahali pa watu wengi unaweza kuibiwa taarifa. Tahadhari ni sunna. Tumia waya wako na kichwa chako, na simu ikikuuliza kama iruhusu taarifa, kataa. Mwizi akiwepo njiani tunaweka ulinzi, hatuing'oi njia.

Wanasema mwisho: dunia inakwenda huko, mtake msitake. Hapana. Ile sheria ya Ulaya imetuonyesha kuwa kampuni kubwa kuliko zote hubadilika zikiambiwa na wenye nchi. Sisi tunayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ndiyo huidhinisha aina za simu za kutumika nchini. Tunaiomba, na tunawaomba wabunge wetu, waweke sharti mapema, kabla simu hizo hazijajaa sokoni: kila simu inayouzwa hapa iwe na tundu la kuchaji na kutolea taarifa. Waongeze watakacho hewani, tundu lisizibwe.

NA SISI JE?

Tusiishie kuwasema wa mbali. Unaweza kuipigania haki ya tundu huku chaji yako umeifungia kabatini jirani asiione. Huyo sura inamhusu kabla haijamhusu mwenye kiwanda.

Pale msikitini, kwa idhini ya kamati, tumeweka soketi moja karibu na mahali pa viatu, na waya mmoja wa vichwa vitatu. Wanaoshuka treni za Kigoma na Mwanza wanajua. Umeme ni wa waumini, kwa hiyo anayeweza atie chochote kwenye sanduku. Asiyeweza achaji, aswali, aende kwa amani. Wewe msikiti wenu una nini kwa ajili ya msafiri?

Na lingine, nalisema huku nikijilaumu mwenyewe: madeni yenu yaandikeni pia kwenye daftari. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, ile ya Suratul Baqarah, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Nilipotoka kwa fundi siku ile nilikwenda moja kwa moja kununua daftari, maana hata ya kwangu yalikuwa ndani ya simu peke yake.

Kijana wangu uliyeuliza, natumaini umenielewa. Mimi chombo sikichukii, ndicho hiki ninachokuandikia. Ninapima kila kipya kwa swali moja: kinamwacha mnyonge na mlango, au kinamfungia?

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaozuia maa'uun. Tulipie madeni yetu, na uwarehemu wafu wetu. Aamin.

Mwenye swali aulize kwa adabu. Mwenye chaji amwazime mwenzake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.