Anayezuru Berlin Aanzie Wapi?

Msafiri wa kutoka kwetu afikapo Berlin, iwe kwa ufadhili wa masomo au kwa kongamano, aghalabu huelekezwa kule kule waelekezwako wageni wote. Atapigwa picha mbele ya Lango la Brandenburg lililokamilishwa mwaka 1791, atapanda kuba la kioo la bunge la Reichstag, atapapasa kipande cha ule Ukuta uliougawa mji tangu Agosti 1961 hadi Novemba 1989, kisha atarejea nyumbani na picha zake. Sina ugomvi na vivutio hivyo. Lango lile linapendeza, na Ukuta ni darasa la historia lisilohitaji mwalimu. Ugomvi wangu ni juu ya mpangilio. Nashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana njia yake ya kuuzuru mji huo, nayo haianzii langoni.

Na aanzie barabara ya Invalidenstraße, kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe. Ukumbini mumesimamishwa mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, na watoto wa shule humkodolea macho wakidhani ni mwenyeji wa huko. La hasha! Mifupa hiyo ilichimbuliwa Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Jina la kitaalamu la mnyama huyo, Giraffatitan brancai, linamuenzi Wilhelm von Branca, profesa wa Berlin. Walioichimbua na kuibeba kwa miguu hadi pwani, tani zaidi ya 200, ni mamia ya wenyeji wa kusini mwa Tanganyika. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, anafahamika kwa jina; wengi wa wenzake hawajulikani. Tukumbuke pia kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 katika eneo hilo hilo, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliotwikwa mifupa ile walikuwa wametoka kuzika jamaa zao. Hayo hayaonekani katika picha ya mtalii.

Kutoka hapo ateremke hadi Wilhelmstraße, mwendo mfupi tu kutoka kwenye lile Lango. Jengo ulimofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, halipo tena. Pana bango la kumbukumbu. Hapa mwanafunzi awe mwangalifu, maana husemwa ovyo kwamba mipaka yetu yote ilichorwa mezani pale. Mstari uliowatenganisha Wadigo wa Vanga na ndugu zao wa Tanga ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mkutano uliweka kanuni za unyang'anyi. Kugawana kwenyewe kuliendelea baadaye.

Kisha apande treni hadi mtaa wa Wedding. Huko kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee, ambayo mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule yule aliyebandikwa na wenyeji wa Tanganyika lakabu ya "Mkono wa Damu". Baada ya mabishano ya miaka mingi, mwezi wa Agosti 2024 sehemu yake moja ilipewa jina jipya: Maji-Maji-Allee. Neno la Kiswahili, kwenye kibao cha barabara, katika mji mkuu wa Ujerumani! Kwangu mimi kibao hicho kinashinda kuba la kioo.

Yupo atakayesema kwamba haya ni kufukua makaburi, na kwamba mtu husafiri ili aburudike. Aburudike, nani amemkataza? Lakini Mswahili aliyeutazama mji huo kwa macho yake mwenyewe alikwisha kututangulia. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1891 hadi 1895, akaandika kwa lugha yake habari za maisha yake huko, nazo zikachapishwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner mwaka 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifuata kufundisha huko mwaka 1900. Ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza wanaohitimu wakiwa wamesoma japo ukurasa mmoja wa Amur? Tunasoma riwaya na tamthilia, na ni haki yake. Masimulizi ya safari tumeyaachia wataalamu wa Ulaya wayahariri na kuyafasiri.

Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni kwamba maandishi hayo yaingizwe katika kozi za fasihi. Kwa wanachama wenzangu, atakayejaliwa kwenda Berlin atuletee kurasa tano za Kiswahili sanifu, zenye majina ya barabara na tarehe. Picha za langoni zimetosha.