Kidole cha Mjukuu
Jumapili iliyopita, baada ya misa kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo hapa Lubumbashi, nilimwona mama mzee amekishika kidole cha mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu hivi, akikipeleka polepole kwenye paji la uso, kifuani, bega hili, bega lile. Mtoto akakosea, wakaanza upya. Nilimkumbuka kambo wangu, yaani bibi yangu, wa mtaa wa Katuba, mwana Jamaa, kundi lile lililoanza na Padre Placide Tempels miaka ya 1950 katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, likifundisha kwa Kiswahili chetu maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kambo hakunihubiria kamwe. Usiku, kikwembe chake mabegani, alinitaja kwa jina mbele ya Mungu nami nikisikia: nisome, nisiibe, niwe na watoto, nimzike. Mtoto aliyesikia jina lake katika sala ya mkubwa, hata akienda mbali, njia ya kurudi anaijua. Nasi wazazi wa leo? Tumewaachia wazee sala, tukisema tumechoka na kazi, kana kwamba imani ni shughuli ya walio karibu na kaburi. Tunakosea, na kosa hilo watakaolilipa ni watoto. Yule mdogo alifaulu mara ya nne, bibi akambusu kile kidole. Leo usiku mtaje mwanao kwa jina, angali macho, asikie.