Upimaji wa Nchi kwa Ndege: Nani Ana Dhamana Gani?

Kati ya mwaka 1977 na 1980 Serikali ya Tanzania iliipimisha nchi kutoka angani. Ndege za kampuni ya Geosurvey International ziliruka katika mistari iliyoachana kilomita moja, kwa kimo cha mita 120 hivi juu ya ardhi, zikipima usumaku wa miamba na mnururisho utokao ardhini. Vipimo hivyo vingali vikitumiwa na wanajiolojia hadi leo.

Wengi hudhani kwamba kazi kama hiyo ni ya rubani. Kwa kweli ina dhamana nne. Serikali huamua kinachotafutwa na kulipa gharama. Rubani huifuata njia aliyopewa kwa usalama. Mpimaji huvitunza vyombo na kuvisahihisha. Mwanajiolojia hufasiri vipimo na kuchora ramani. Huko Marekani pia, makao makuu ya NASA hupanga mahitaji ya utafiti, na vituo vyake hurusha ndege.

Ufipa yaonyesha kwa nini dhamana hizo, ingawa zimegawanywa, hazina budi kutegemeana. Mji wa Sumbawanga uko uwandani, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi. Ziwa Rukwa liko bondeni, mita 800 hivi. Kati yake umesimama ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa. Ndege itokayo uwandani haiwezi kuteremka ghafula kama ardhi ishukavyo. Umbali kati ya chombo na mwamba huongezeka, na usumaku huonekana hafifu ingawa mwamba ni ule ule. Kimo halisi kisipowekwa katika kumbukumbu, mfasiri aweza kuchora mpaka wa miamba mahali penye mteremko tu. Vilevile usumaku wa dunia hubadilika saa kwa saa. Kwa hiyo sharti chombo kingine kikae chini, mahali pamoja, kuyapima mabadiliko hayo ili yaondolewe.

Hata hivyo iko dhamana ya tano, iliyo rahisi kusahauliwa: kuyarudisha maarifa kwa wenyeji. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walishiriki kutangaza kuwa bonde la Rukwa lina gesi nyingi ya heliamu. Gesi hiyo huzaliwa na urani na thori zinapooza polepole ndani ya miamba ya kale, nazo ni miongoni mwa elementi zilizopimwa na ndege zile kwa njia ya mnururisho. Mwanafunzi wa Sumbawanga anastahili kuijua habari hiyo kabla ya mgeni.

Yafaa basi dhamana hii nayo ipewe mwenyewe. Taasisi ya jiolojia ya taifa itoe ramani ya kila wilaya kwa shule za sekondari; mwalimu wa jiografia na wa fizikia wawaongoze wanafunzi kulinganisha ramani na miamba iliyo karibu na shule. Upimaji ulioanza angani haujakamilika mpaka umeeleweka na watu wanaoikanyaga ardhi iliyopimwa.