Anayedai Ndiye Athibitishe

Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wa Tandahimba walikabiliwa na uhakiki: asiyeridhisha kuhusu shamba lake alishukiwa kuwa mtu wa kangomba. Kangomba ni unyonyaji, siitetei. Lakini Sheria ya Ushahidi inamtwika mzigo anayedai, si anayetuhumiwa. Aliyekodi mikorosho ya jirani kwa neno la mdomo angeonyesha hati gani? Majirani, stakabadhi za salfa na daftari la chama cha msingi ni ushahidi pia. Ibara ya 13(6) ya Katiba inadai asikilizwe kikamilifu. Watumishi wa umma, kabla ya kuzuia gunia la mtu, thibitisheni tuhuma zenu mbele ya hakimu.