Aliyegongwa Chini ya Daraja

Mtu akigongwa kwenye Barabara ya Thika jijini Nairobi, hukumu hutoka kabla damu haijafutwa. "Si daraja liko pale? Alikuwa na haraka gani?" Makanga husema hivyo, abiria huitikia, na jioni afisa wa trafiki huyarudia maneno yayo hayo mbele ya kamera. Kisha huja msako wa siku mbili tatu: wapita njia wanakamatwa kwa kuvuka chini ya daraja, wanapakiwa kwenye lori la polisi, nasi tulioketi ndani ya magari tunasema angalau serikali inafanya kazi.

Mimi nasema marehemu anaonewa.

Tuanze na daraja lenyewe. Ili malori yapite chini, tuseme sakafu yake iko mita sita juu ya lami. Mteremko anaoumudu mtu wa kiti cha magurudumu, au mzee wa magoti, hupanda mita moja kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Piga hesabu: mita 72 za kupanda, 72 za kushuka, na katikati upana wa barabara yenyewe. Hapo daraja liko mbele ya steji uliyoshukia. Likiwa mita 300 kutoka hapo, ongeza 600 za kwenda na kurudi, uwe umetembea zaidi ya mita 700 kufikia duka unaloliona kwa macho yako. Weka ngazi badala ya mteremko, safari itakuwa fupi lakini mwenye kiti cha magurudumu atabaki chini. Mama mboga mmoja aliniambia gunia la sukuma wiki halijui daraja. Nilicheka, kisha nikalijaribu gunia lenyewe nikanyamaza. Nawe unayemwita mvivu, ni lini mara ya mwisho ulipanda daraja hilo saa mbili usiku, taa zimezimika, mkoba kwapani?

Halafu kuna mwendo. Gari la kilomita 30 kwa saa, dereva akishtuka na kukanyaga breki, husimama baada ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. La kilomita 60, katika mita hizo 13 dereva bado hajaigusa breki. Sekunde moja tu ya kushtuka huteketeza zaidi ya mita 16. Kwa hiyo mtoto yule yule, kwa kosa lile lile, ananusurika mtaa huu na kufa mtaa wa pili. Kilichobadilika ni barabara. Bandika kibao cha 50 kwenye barabara ya safu nane, iliyonyooka, isiyo na tuta, uone atakayekitii. Upana wenyewe unamwambia dereva akanyage mafuta.

Najua wapo wanaovuka simu sikioni, na walevi wapo. Lakini kumlaumu aliyeumia, kama kuwalaumu wagonjwa kwa ugonjwa wao, si jambo geni. Karne ya 19 wakubwa wengi wa London waliona kipindupindu kuwa malipo ya uchafu na ulevi wa maskini. Mahubiri hayakukiondoa. Kiliondolewa na mitaro ya maji taka ambayo mhandisi Joseph Bazalgette aliisimamia baada ya uvundo wa mto Thames mwaka 1858. Na mlipuko wa mwisho, wa 1866, uliangukia mitaa ya mashariki, ambako kazi ya mitaro ilikuwa haijakamilika.

Wala hatuhitaji kwenda London. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule ambazo watoto walikuwa wakigongwa sana, likajenga matuta, vivuko na njia za miguu, na penye haja likahamisha lango la shule lisitazame barabara kuu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kwanza ya miji ya kituo cha WRI Ross mwaka 2019. Simenti, rangi na nguzo chache: gharama ambayo kwenye barabara zetu za mabilioni isingeonekana hata kwenye risiti.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na watembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Wanaonusurika wakifika hospitali tunawaita wagonjwa, tunawachangia kwa harambee, tunawawekea vyuma miguuni. Aliyechora barabara hatumwiti hata kikaoni.

Nairobi haiwezi kusingizia kutojua. Mwaka 2015 kaunti ilijiandikia sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya uchukuzi kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mwakilishi wa wadi yako atakuja kuomba kura 2027. Mtoe nje ya gari lake, tembea naye hadi steji, vukeni barabara pamoja, kisha mwulize hiyo asilimia 20 iko wapi.