Dawa za Mgonjwa Mahututi Huanzia Kisorya

Kisorya ipo ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Bunda, mahali ambapo kivuko huvusha watu na mizigo kwenda Rugezi, Ukerewe. Mgonjwa aliyezidiwa huko ana safari ndefu kabla ya kufikia kitanda cha wagonjwa mahututi, kiwe Musoma au katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Njiani hupitia mikono mingi: duka la dawa muhimu, zahanati au kituo cha afya, pengine hospitali ya wilaya. Kila mkono humpa dawa. Anapofika, mwili wake umekwisha kupokea dawa za watu watatu au wanne wasiowasiliana.

Wengi huamini kwamba usalama wa dawa katika chumba cha wagonjwa mahututi ni suala la mashine na mabingwa. Hayo ni muhimu, lakini daktari bingwa asiyejua mgonjwa amekwisha kupewa nini hukisia, na dawa kali hazitaki kukisiwa.

Chukua mfano wa mtoto mwenye degedege. Diazepamu hutuliza degedege, lakini dozi zikirundikana hudhoofisha pumzi na huweza kuikatiza. Akipewa zahanati, akarudiwa hospitalini, kisha akapewa tena huko alikopelekwa, kila mhudumu atakuwa ametenda sawa kwa aliloliona, na mtoto akapoteza pumzi. Ndivyo ilivyo kwa gentamisini, ambayo hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, dawa hiyo hubaki ndani, ikazidi kuziumiza figo zenyewe pamoja na masikio. Kama mgonjwa alikuwa akinywa diklofenaki kwa siku kadhaa nyumbani, au mitishamba, daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuamua dozi.

Hata dawa bora huhitaji saa yake. Mwaka 2010, utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionesha kwamba sindano ya artesuneti hupunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Sindano hiyo hutolewa mwanzoni, baada ya saa 12, kisha saa 24. Saa ya kwanza isipoandikwa, ya pili itajulikanaje?

Dripu nayo ni dawa, ingawa wengi huiona kama maji ya kuongeza nguvu. Mwaka 2011, utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu ulitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi: takribani 10.5 kwa kila 100 katika saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Mtoto aliyekaushwa na kuhara si miongoni mwao. Yeye huhitaji maji upesi. Kwa hiyo ndugu wanaodai dripu, na mhudumu anayewaridhisha, wakumbuke kwamba nayo ina kipimo, sababu na madhara.

Kinachohitajika ni karatasi moja isiyotengana na mgonjwa: uzito wake, jina la kila dawa, kiasi, njia iliyotumika na saa. Itasemwa kwamba mhudumu wa zahanati huwa peke yake usiku, na gari likiwa tayari hakuna muda wa kuandika. Ni kweli ana mzigo mzito. Hata hivyo, mistari mitano huandikwa kwa dakika mbili, nayo humwepusha mwenzake kurudia dozi iliyokwisha kutolewa. Ndugu nao wabebe pakiti na chupa zote, hata zilizo tupu, na za mitishamba pia.

Lakini karatasi haitasaidia iwapo ukweli unaogopwa. Wagonjwa wengi huficha dawa walizonunua dukani au kupewa na mganga wa kienyeji kwa sababu wanajua watakaripiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha dawa naye yumo katika hatari hiyohiyo. Dawa ya kulishinda fichoficho hilo ni ulimi wa mpokeaji. Muuguzi anayeuliza kwa upole, "Mama, kabla ya kuja hapa mlimpa nini?" na kulipokea jibu bila kumhukumu, hupata habari ambayo hakuna kipimo cha maabara kitakachompa kwa wepesi huo. Anayefoka hujibiwa "hakuna", kisha huandika dozi juu ya uongo alioutengeneza mwenyewe.

Basi tiba ya mahututi isihesabiwe kuanza mlangoni mwa hospitali kubwa. Huanza kwa muuza dawa wa Kisorya anayeandika alichouza, na kwa mzazi anayesema kweli akijua kwamba hatafokewa.