Bahari Yetu, Kalamu ya Nani?

Juzi hapa Madale, kwenye kijiwe chetu cha waandishi, mshikaji mmoja alinifunga mdomo: "Habari za majahazi na watumwa wazungu walishamaliza. Wewe andika mapenzi." Usingizi uliniruka. Leo namjibu hadharani.

Ni kweli waliandika. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash aliposaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, maofisa wawili wa jeshi la majini la Uingereza walitoa vitabu London: Philip Colomb, aliyeongoza manowari Dryad, na George Sulivan wa Daphne. Colomb hakuwa mtu wa mchezo. Alibuni namna ya kupeana ishara kwa taa usiku baharini, na mwaka 1891 akatoa kitabu kinene juu ya vita vya majini. Jamaa walijua kuandika, nakiri.

Lakini bwana, mwandishi huona kutoka pale aliposimama, na hawa walisimama kwenye sitaha ya manowari. Mabaharia wao walipewa tuzo kwa majahazi waliyokamata na watumwa waliowakomboa. Kwa hiyo kila tanga lilikuwa na bei. Jahazi likishukiwa, mara nyingine lilichomwa moto huko huko baharini. Nahodha asiye na hatia angemlilia nani? Kitabuni, mkamataji ndiye huyo huyo shahidi.

Msinielewe vibaya. Sitetei biashara ile. Ilikuwa unyama, na watu wa pwani hii hii walikuwamo. Ndiyo maana nasema tuandike wenyewe, pamoja na aibu yetu. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alijaribu: Uhuru wa Watumwa kilitoka 1934, kwa Kiswahili. Ila naye kamsifia Mwingereza kupita kiasi. Basi ndiyo tumemaliza?

Mkalimani aliyepanda manowari kuwahoji ndugu zake, mtoto aliyetolewa ngamani akapelekwa Aden, Shelisheli au Bombay: hao hadithi zao ziko wapi?

Mshikaji, Kunduchi si mbali. Nenda kawasikilize wavuvi, upepo wanauitaje, chombo wanakiundaje. Halafu rudi uandike. Hayo mapenzi yako tutayasoma tu. Hata majahazini watu walipendana.